Ubongo Ukijitazama Kiooni

Kabla sijaanza habari ya nyurofidibaki, yaani kuufunza ubongo kwa kuuonyesha mawimbi yake wenyewe, naomba mfumbe macho. Nusu dakika tu, msije mkalala! Haya, fumbueni.

Mlipofumba, wengi wenu kisogoni kulizuka mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Mlipofumbua, yakafifia. Hans Berger, daktari Mjerumani, alianza kunasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, akasita miaka mitano ndipo akachapisha. Mawimbi hayo akayaita alfa.

Sasa, mtu anaweza kuyajua ya kwake? Joe Kamiya, akiwa Chicago mwishoni mwa miaka ya 1950, alimkalisha mtu gizani, na kila kengele ilipolia akamwuliza: uko kwenye alfa au hauko? Mwanzoni yule mtu alibahatisha. Akawa anaambiwa umepata, umekosa, umepata. Siku chache tu, akawa hakosei. Nyurofidibaki ilianzia hapo, kwenye umepata na umekosa.

Siku hizi kengele imekuwa kompyuta. Unabandikwa elektrodi, vipande vidogo vya kunasa umeme, kichwani kwa jeli, unatazama picha. Mawimbi yanayotakiwa yakiongezeka, picha inang'aa, yakipungua, inafifia. Watu huniuliza kama watapigwa shoti. Hapana, elektrodi zile zinasoma tu, haziingizi kitu.

Ila hakuna atakayekuambia ufanye nini ili picha ing'ae. Wengi huanza kwa kukunja uso na kukaza taya, kama wanasukuma gari bovu, na picha inazidi kufifia. Ni kama usingizi: ukiukimbiza, unakukimbia. Baada ya vikao kadhaa mtu anachoka kushindana. Mabega yanashuka, pumzi inarefuka, na picha inang'aa yeye akiwa hana habari. Ukimwuliza amefanyaje, anacheka. Mimi napenda sana kicheko hicho.

Mwenzake Kamiya kwa zama, Barry Sterman, alifundisha paka kwa kuwapa maziwa kila walipotoa wimbi fulani la utulivu. Baadaye paka hao hao wakatumika kupima sumu ya mafuta ya roketi, wakachelewa kupata degedege kuliko wenzao. Ndipo watu wenye kifafa walipoanza kufikiriwa.

Hapa nitawaudhi wauzaji wa mashine. Mwaka 2017 watafiti wa Austria waliwapa watu wenye shida ya usingizi mafunzo ya kweli ya nyurofidibaki na mafunzo bandia, yasiyofunza wimbi linalotakiwa, wao wenyewe wasijue ni yapi. Wakasema wanalala vizuri zaidi baada ya yote mawili, na ya kweli hayakuyapita ya bandia. Kwa hiyo kinachotuliza ni nini hasa? Huenda ni kule kukaa kimya nusu saa, mara ishirini au arobaini, bila simu, na mtu akikusikiliza. Mfumo wa neva uliozoea kukurupuka unahitaji mazoea mengine, na mazoea hayaji kwa kikao kimoja. Sisemi mashine haina kazi. Nasema anayekuahidi tiba, mwulize iliwahi kushindanishwa na ya bandia au la.

Mwenye kifafa asiache dawa zake kwa sababu ya paka wangu. Basi, maswali. Naona kijana yule ameinua mkono tangu nilipotaja maziwa.