Usimsogezee msomaji alama kabla hajamaliza

Ndugu zangu, nimepewa nusu saa, kwa hiyo naanza na lile ninalolisema kila ninapoitwa. Ukiandika skripti ya kusomea ujumbe kwenye BBS, yaani kompyuta ambayo watu huingia kutoka mbali kusoma na kuachiana jumbe, usimsogezee mtu alama ya mahali alipoishia kabla hajamaliza kusoma. Waliokwisha kunisikia wanivumilie, maana bado naletewa skripti zenye kosa hilihili.

Historia ya BBS sitaieleza kwa urefu. Ward Christensen na Randy Suess waliwasha ya kwanza mjini Chicago tarehe 16 Februari 1978, na nyote mlioko hapa mnazijua. Twende kwenye alama.

Kwa kawaida programu ya BBS hukumbuka msomaji aliishia wapi. Walioutunga mfumo wa JAM wa kuhifadhi jumbe waliipa kazi hiyo faili lake. Kila eneo la mazungumzo lina mafaili manne: .jhr la vichwa vya jumbe, .jdt la maneno yenyewe, .jdx la faharasa, na .jlr ambalo halina kazi nyingine ila kutunza nani amesoma mpaka wapi. Synchronet, programu ya kuendeshea BBS, nayo inampa kila mtu alama mbili katika kila eneo. Ya kwanza, scan_ptr, inasema ujumbe mpya kwake unaanzia wapi. Ya pili, last_read, inasema alisimama kwenye ujumbe gani. Ni vitu viwili tofauti, tafadhali! Mtu anaweza kurudi nyuma kusoma ujumbe wa mwaka jana, na bado jumbe zake mpya zikabaki mpya.

Mimi nilijifunza hili kwa uchungu. Nilikuwa na BBS ndogo ya marafiki, nikaiandikia kisomaji changu kwa lugha ya JavaScript. Mstari wa kusogeza scan_ptr niliuweka juu kabisa, kabla ya mzunguko unaoonyesha jumbe. Mwenzetu mmoja akaingia usiku, akakuta jumbe 40 mpya. Akasoma tatu, mtandao ukakatika. Alipoingia tena akaambiwa hakuna jipya, akaamini, akalala. Ujumbe wa 11 kati ya zile 40 ulikuwa tangazo la msiba wa mama wa rafiki yetu. Alikuja kuambiwa kwa mdomo siku nne baadaye, watu wamekwisha zika. Mpaka leo nikifungua skripti ya mtu, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mstari ule umekaa wapi.

Mahali pake ni baada ya ukurasa wa mwisho wa ujumbe, msomaji akishabonyeza kitufe cha kuendelea. Na alama isogee mbele tu: kama namba ya ujumbe ni ndogo kuliko scan_ptr, usiguse kitu.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mzee, programu inakuja na kisomaji chake, sisi tuandike cha nini?" Swali zuri. Visomaji vingi vya zamani vinakupeleka kwa namba: 120, 121, 122. Watu hawazungumzi kwa namba, wanazungumza kwa uzi. Mmoja kauliza bei ya modemu katika 120, kajibiwa katika 134, mwingine kambishia katika 151, na katikati hapo wengine wanaongea habari za mpira. Kichwa cha ujumbe katika Synchronet kinabeba thread_back, kinachoonyesha ujumbe unaojibiwa, thread_first, jibu la kwanza, na thread_next, jibu linalofuata kwa ujumbe uleule. Ukivifuata hivyo, unamsomea mtu mazungumzo kama yalivyokwenda.

Lakini angalieni mtego. Amesoma 120, 134 na 151. Ukipeleka alama kwenye 151, umemfichia 121 mpaka 150, na kosa langu limerudi kwa mlango wa nyuma. Namba moja haiwezi kubeba usomaji wa kurukaruka. Kwa hiyo mwekee kila msomaji orodha yake ya namba alizosoma, katika faili la pembeni, na scan_ptr isogee pale tu ambapo zote za chini yake zimesomwa. Faili lenyewe ni dogo, halina gharama.

Na zile zilizofutwa? Ukiita get_msg_header, amri ya Synchronet ya kuchukua kichwa cha ujumbe, kwa namba ambayo haipo, unarudishiwa null, yaani hakuna kitu. Iruke uendelee. Nimeona skripti zinazosimama hapo, msomaji akadhani amefika mwisho.

Wazee wa kazi hii walikuwa makini kwa sababu simu ilikuwa pesa. Kwa modemu ya biti 300 kwa sekunde unapata herufi 30 kwa sekunde, skrini ya safu 80 na mistari 24 inajaa kwa zaidi ya dakika nzima. Ndiyo maana kisomaji kizuri kilitanguliza nani, kwa nani, na kuhusu nini, kisha kikakuachia uruke. FidoNet, mtandao wa BBS zinazopigiana simu alioanzisha Tom Jennings mwaka 1984, ilisafirisha jumbe usiku simu zikiwa rahisi, na Afrika tulikuwa zoni ya 5. Leo anayesoma kwa bando la simu, laini inakatika kila akipita mlimani, ana shida ileile.

Naonyeshwa saa. Rangi naziacha, na kuhusu kukunja mistari someni amri ya word_wrap wenyewe. Hili la herufi sitaliacha. Skrini za zamani zinasoma CP437, jedwali la herufi la kompyuta za zamani, na Kiswahili chetu hakina shida humo mpaka mtu aandike ng'ombe kwenye simu inayopinda kile kikato. Kikato kilichopinda ni baiti tatu za UTF-8, mfumo wa herufi unaotumika leo, na kwenye CP437 kinatokea ngΓÇÖombe. Kibadilisheni kuwa kikato kilichonyooka kabla ya kuonyesha ujumbe. Mstari mmoja unatosha.

Sasa aliyekuja na skripti yake ailete hapa mbele, tutafute ile alama imewekwa wapi.