Kipande cha Maabara na Pantoni Nzima: Mazungumzo na Mafundi wa Kuchomelea, Mtwara

Ndugu mafundi, hamjambo. Swali mlilonipa ni hili: tukikata kipande cha pleti chenye mshono, tukakivutavuta mashineni mpaka kikatike, je, tutajua pantoni ya Msangamkuu itadumu miaka mingapi?

Tutajua, ila jibu litaipendelea pantoni: litaipa miaka mingi kuliko itakayodumu kweli.

Chuma huchoshwa na mizigo ya wastani inayokwenda na kurudi: lori linapanda, linashuka, wimbi linainua, linashusha. August Wöhler alilipima jambo hilo kwenye ekseli za treni huko Ujerumani, karne ya 19. Kwa mishono ya weldi hesabu ni kali. Tofauti kati ya mkazo (nguvu inayobebwa na kila eneo la chuma) wa juu na wa chini ikiwa maradufu, umri wa mshono hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane.

Upendeleo unatoka wapi? Nyote mmeona pleti inavyopinda weldi ikipoa. Mshono unataka kusinyaa, pleti inaukatalia. Kwenye chombo kikubwa hakuna nafasi ya kupinda, basi mvutano hubaki ndani, pengine ukafikia kiwango cha chuma kuanza kunyumbuka kisirudi, na hapo hata gari la kwanza halijapanda. Sasa wewe unapitisha msumeno, unatoa kipande chako. Mvutano mwingi umeuachia palepale! Unapima chuma kilichokwisha kupumzishwa. Ndiyo maana wapimaji makini hukishikilia kipande kwenye mvutano mkubwa muda wote wa jaribio, au hujaribu boriti nzima, fedha zikiwepo.

Unene nao una lake: kwa kanuni inayotumika sana, mshono wa pleti ya milimita 100 huishi karibu theluthi ya ule wa milimita 25, mkazo ukiwa uleule. Na muuzaji akikusifia chuma chenye nguvu zaidi, msikilize kwa adabu tu. Mshono ukiachwa kama ulivyochomelewa, nguvu hiyo haiurefushii umri. Ufa huanzia ukingoni, weldi inapokutana na pleti. Grainda iliyopitishwa vizuri hapo ina faida zaidi.

Tarehe 27 Machi 1980, jukwaa la wafanyakazi wa mafuta baharini, Alexander L. Kielland, lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwe, wakafa watu 123. Ufa ulianzia kwenye mshono wa milimita 6, uliokamata kishikio cha kifaa cha kusikilizia majini. Kishikio hicho hakikubeba mzigo wowote wa maana.

Kwa hiyo mkipanda pantoni kukagua, anzeni na vile vilivyobandikwa baadaye: kishikio cha bomba, cha taa, cha kamba. Mishono mikubwa ina wakaguzi wake.