Tibu Amplifaya Kwanza, Chumba Baadaye

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja, maana jua la leo la Kisumu si la kuchezea, na naona nyuso za watu waliotoka Kakamega na Siaya kwa matatu. Walionisikia siku za nyuma wanajua nitakachosema. Nitakisema tena, kwa sababu hadi leo naletewa mashine zilizokufa kwa kosa lile lile.

Sitaeleza kwa kirefu valvu ni nini, zile chupa za kioo zinazokuza sauti ndani ya amplifaya za zamani. Nusu yenu ni mafundi, na nusu nyingine mnazo nyumbani zinawaka, ndiyo maana mmekuja. Kompyuta nayo mnaijua: unaweka maikrofoni pale unapokaa, spika zinapiga mlio unaopanda kutoka besi hadi juu kabisa, programu inachora mstari wa nguvu ya kila sauti, nzito hadi nyembamba, kisha inatengeneza vichujio vya kupandisha na kushusha hadi huo mstari unyooke. Ni kazi nzuri na mimi mwenyewe ninaifanya. Ninachopinga ni kuifanya juu ya amplifaya ambayo hakuna mtu aliyeifungua kwa miaka kumi.

Nina mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu, nyumba yake iko Milimani. Ana amplifaya ya Uingereza ya zamani, yenye valvu nne za aina ya EL34, mbili kila upande. Mpwa wake alikuja likizo na kompyuta na maikrofoni ya kupimia, akapima sebule. Mstari wa kulia ukatoka vizuri. Mstari wa kushoto, chini ya hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, kwenye besi, ukaanguka desibeli 5 hivi, kipimo cha nguvu ya sauti, chini ya mwenzake. Kijana akasema ni kona ya chumba, kwa kuwa kushoto kuna mlango wa kwenda jikoni. Akaiambia programu inyooshe. Programu ikapandisha besi ya kushoto, na mwalimu akafurahi kweli. Aliniambia, "Fundi, ile siku nilisikia gitaa la besi likitembea kama niko dansini."

Miezi miwili baadaye akanipigia simu usiku: kuna harufu. Nikamwambia chomoa plagi, usiguse kitu, nitakuja asubuhi. Nilipofika nikamuuliza kama aliona chochote kabla ya harufu. Akasema, "Hapana. Ila valvu moja ilikuwa inang'aa kuliko wenzake, nikadhani ndiyo nzima kuliko zote."

Wazee wangu, hapo ndipo moyo ulinianguka. Valvu nzima inawaka rangi ya chungwa katikati tu, kwenye filamenti, waya wa kuipasha joto. Ukiona bamba la nje, ile anodi ya kijivu, limeshika wekundu kama ukingo wa jiko la makaa, hiyo valvu inakufa mbele yako. Zima. Usisubiri wimbo uishe.

Nikapima transfoma ya sauti ya kushoto, ile inayotoa muziki kwenye valvu kuupeleka kwenye spika. Nusu moja ya msuko wa upande wa valvu ilisoma omu mia na kidogo, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa waya. Nusu ya pili, mita haikusoma kitu. Waya umekatika ndani. Nikatoa valvu zote mbili za kushoto, nikawasha, nikapima soketi kwenye pini namba 5, ambayo kwa EL34 ndiyo gridi, mlango wa valvu unaopokea muziki. Soketi ya kwanza ilionyesha volti 36 chini ya sifuri, kama inavyotakiwa kwenye mashine ile. Ya pili ilikuwa na 21 tu. Volti 15 zimepotea. Zimekwenda wapi? Hazikwenda popote. Kuna volti chanya zilizokuwa zinaingia, na zilikuwa zinapita kwenye kapasita moja ya karatasi na nta, ndogo kama kidole cha mtoto, kati ya valvu ya mbele na hii ya mwisho. Nta imetoka jasho, imegeuka kahawia, imeshika vumbi. Kazi yake ni kupitisha muziki na kuzuia umeme wa DC, ule usiogeuka mwelekeo, na ilikuwa imeacha kuzuia.

Sasa fuateni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo ugonjwa wa amplifaya ulipovaa nguo za chumba. Valvu mbili za upande mmoja zinafanya kazi kwa kupokezana, moja inasukuma, nyingine inavuta. Mkondo wao wa kupumzika, ule unaopita hata kama hakuna muziki, unapita kwenye transfoma kwa njia mbili zinazopingana, hivyo sumaku zao zinafutana na chuma cha transfoma kinabaki huru. Valvu moja ikianza kunywa mkondo kupita mwenzake, chuma kinabaki na sumaku ya upande mmoja. Kinachoumia kwanza ni besi, maana besi ndiyo inayohitaji chuma chote. Sauti za juu hazina habari. Kwa hiyo kijana alipopima na kuona besi ya kushoto imeanguka, kipimo chake hakikudanganya. Besi ilikuwa imeanguka kweli. Alichokosea ni kudhani mlango wa jikoni ndio uliokula.

Na programu ikafanya nini? Ikaongeza besi pale pale ambapo chuma kilikuwa kimeshachoka. Ni kama mtu mwenye malaria kumeza dawa ya kutuliza maumivu, ashuke shambani alime siku mbili, siku ya tatu abebwe kwa mkokoteni. Kila mmoja wetu hapa kando ya ziwa ana ndugu aliyefanya hivyo.

Najua kuna fundi anataka kuuliza, kwa nini fyuzi haikukatika? Piga hesabu. Valvu ikivuta miliampia 100 zaidi kwenye volti 400, hizo ni wati 40. Kwenye stima ya volti 240 ni chini ya sehemu moja ya tano ya ampia. Fyuzi ya mashine kubwa hata haitajua. Fyuzi inazuia nyumba isiungue. Haijawekwa kulinda transfoma yako.

Kapasita ile, bei yake haifiki sahani ya samaki wa ngege na ugali. Transfoma niliifungua, nikahesabu safu za waya moja moja, nikaisuka upya, na mwalimu akakaa bila muziki muda mrefu. Alinilipa bila kunung'unika. Lakini nilisikia uchungu kupokea pesa zile, kwa sababu kazi ilitakiwa iwe ya nusu saa.

Basi nusu saa yenyewe ni hii. Chomoa plagi. Si kuzima, ni kuchomoa. Ndani mna volti 400 na zaidi, na kapasita kubwa za umeme zinaweza kubaki nazo baada ya plagi kutoka. Chukua rezista, kipande kinachozuia umeme usitoke kwa kishindo, ya kilo-omu 10, wati 5, ifunge kwenye waya wenye klipu na mpini usiopitisha umeme, gusisha kati ya chanya ya kapasita na chasisi, sanduku la chuma la mashine, kwa sekunde kadhaa. Halafu pima kwa mita. Usiamini rezista, amini mita. Bisibisi ya kupigisha cheche, kama wengi mlivyofundishwa, inaharibu kapasita na siku moja itakupofusha. Na ukipima mashine ikiwa imewashwa, mkono mmoja uingie mfukoni.

Kisha angalia kioo cha kila valvu. Juu au pembeni kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Likiwa jeusi au la fedha, sawa. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, valvu hiyo ni ya kutupa, usipoteze muda kuipima. Mwanga wa samawati juu ya kioo hauna neno. Mwanga wa zambarau uliojaa ndani kati ya vyuma una neno, hiyo ni gesi.

Kisha pima gridi kama nilivyosema, valvu ya mwisho ikiwa imetolewa na mashine imewashwa. Kwa EL84, valvu ndogo kuliko EL34, ni pini namba 2, na mashine nyingi za EL84 zinatakiwa kusoma sifuri hapo. Ukiona volti chanya, hata mbili tatu, toa kapasita inayoleta muziki kwenye gridi hiyo uweke ya filamu ya plastiki. Kisha mkondo wa kupumzika. Kama kathodi, upande wa valvu unaotoa mkondo, ina rezista ya omu 10, volti 0.4 ni miliampia 40. Zidisha na volti za anodi: volti 400 kwa miliampia 40 ni wati 16. EL34 inavumilia 25, mimi napenda ikae chini ya 17. Valvu mbili za upande mmoja zikitofautiana sana, usiguse kompyuta bado.

Halafu kuna jambo la stima. Transfoma iliyotengenezwa kwa volti 220 ukiipa 240, filamenti ya volti 6.3 inapata karibu 6.9. Mezani kwangu nimeona 255 usiku wa manane, watu wakishalala. Hapo filamenti inapata 7.3, na valvu inaungua polepole huku mwenyewe ukisifu sauti. Pima ukutani saa unazosikiliza, si saa sita mchana. Dawa yake ni transfoma ndogo iliyofungwa kinyume, ipunguze volti 18 hivi. Aje mezani anayetaka mchoro.

Sasa, chumba. Kuna watu watanipinga kwamba valvu ni utamu na dijitali itaharibu utamu. Ndugu yangu, chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 kina mita 3.05 kila upande. Sauti hapa kwetu, kwa joto la nyuzi 27, inakwenda mita 347 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya urefu, unapata hezi 57. Chumba hicho kinavuma kwenye hezi 57, na kwa kuwa ni mraba kinavuma mara mbili, urefu na upana kwa sauti moja. Uzi wa A wa gitaa la besi ukipigwa wazi ni hezi 55. Basi kila mpigaji wa muziki wa benga akigusa A, chumba chako kinanguruma, akigusa D ya hezi 73 kinanyamaza. Huo ndio utamu unaoutetea? Mpigaji alipiga noti zote kwa nguvu aliyoitaka. Chumba ndicho kimempotosha, na kukinyamazisha ni kumheshimu yule mpigaji.

Na trei za mayai ukutani, tafadhali. Wimbi la hezi 57 lina urefu wa mita 6. Trei ya sentimita 5 haliioni. Umeziba sauti za juu, umeacha mngurumo, na umepaka ukuta wako kitu kinachoshika moto kama karatasi.

Kwa hiyo kata mngurumo kwa kompyuta, ndiyo. REW, programu ya kupimia ya John Mulcahy, inapatikana bila malipo, na maikrofoni yenye faili yake ya kusahihisha unaweza kuchanga na wenzako watatu mkanunua moja. Ila kata vilima vya ule mstari, usijaze mashimo yake. Desibeli 3 ni nguvu mara mbili, 6 ni mara nne, 10 ni mara kumi. EL84 mbili zinakupa wati 12 au karibu. Ukijaza shimo la desibeli 10, unaziomba wati 120. Hazina. Zitakupa mkwaruzo na transfoma ya moto. Na shimo lenyewe mara nyingi ni kiti chako: katikati kabisa ya chumba wimbi lile la hezi 57 halisikiki, mgongoni ukutani linakuzamisha. Sogeza kiti nusu mita, pima tena, sogeza tena. Nimeona shimo likijazwa na kiti bila hata wati moja.

Naonyeshwa saa. Nitakimbia. Juu ya hezi 200 hivi, kwa vyumba vyetu, usirekebishe sana. Manfred Schroeder, mwanafizikia wa Ujerumani, ndiye aliyetuonyesha kwamba juu ya masafa fulani chumba hakina tena milio michache inayojitenga unayoweza kuivizia mmoja mmoja. Pima madirisha yakiwa kama unavyosikiliza, maana Kisumu jioni tunafungua, na dirisha wazi linatoa besi nje. Pima sehemu tano sita za kiti, si moja. Upande wa kushoto na wa kulia, pima kila mmoja peke yake, halafu badilisha nyaya za spika kwenye amplifaya, kushoto kwenda kulia, upime tena. Kasoro ikibaki kwenye spika ile ile, pale pale chumbani, ni spika au chumba. Ikihamia spika ya pili, ni amplifaya. Zima kabla ya kubadilisha, na usiwashe amplifaya ya valvu bila spika, transfoma inaweza kuharibika. Kipimo hiki cha nyaya kingemwokoa mwalimu kwa dakika kumi.

Habari ya santuri na jinsi ya kuipitisha kwenye kompyuta, siku nyingine.

Mashine hii mezani ni ya kijana wa Kondele. Alipima sebule jana na kushoto kumeanguka desibeli 4 chini ya hezi 70. Anasema ni chumba. Plagi nimeshaichomoa. Nani atashika rezista?