Ukifika Gujarat, Tazama Chini

Haya, nyuma mnanisikia? Sawa. Najua wengine humu mmeshanisikia nikilia na jambo hili na leo nalia tena, maana hambadiliki. Kila mwaka watu wetu wanapanda ndege kwenda India, huyu anampeleka mama hospitali Ahmedabad, yule kafuata vitambaa Surat, mwingine ana mtoto chuo, na wakirudi ukiwauliza mmeona nini wanakwambia mall. Mall jamani! Na aliyejitahidi sana kaunganisha treni mpaka Agra akapigwe picha kama vile kaishika Taj Mahal kwa vidole viwili, basi, India imeisha hiyo. Mimi sina ugomvi na Taj Mahal, ni nzuri, lakini wewe uko Gujarat tayari, jimbo lenye hiyo Ahmedabad na hiyo Surat, umekaa gesti wiki nzima unasubiri majibu ya vipimo, na mwendo wa saa tatu kwa gari kuna kitu ambacho ukikiona utanipigia simu unitukane kwa nini sikukwambia mapema. Sasa nimekwambia.

Halafu kuna mawakala wa safari. Juzi mmoja, simtaji, kanionyesha ratiba ya Gujarat na siku ya kwanza yote ni ile sanamu ya Sardar Patel, mmoja wa viongozi wa uhuru wa India. Sawa, mita 182, imezinduliwa 2018, hakuna sanamu ndefu kuliko hiyo duniani. Utaiona hata usipotaka. Ila Gujarat ukiitafuta kwa kuangalia juu umeikosa, ile nchi mambo yake yako chini na funguo yake ni maji.

Nieleze kidogo, msikimbilie chai bado. Kule mvua inanyesha Juni mpaka Septemba, halafu mbingu zinafunga. Zinafunga kweli. Maji ya chini ya ardhi yanaanza kushuka, mwezi huu yako hapa, mwezi ujao yako kule, ikifika Mei joto linagonga digrii arobaini na kitu na kamba ya kisima haifiki tena. Sasa wale wazee hawakurefusha kamba. Walichimba ngazi. Yaani kisima unakiingia kwa miguu, unateremka, maji yakishuka na wewe unashuka nayo. Wanaita vav, na Gujarat zimejaa.

Kubwa yao iko Patan, inaitwa Rani ki Vav, kisima cha malkia. Kinahusishwa na malkia Udayamati, alikijenga karne ya 11 kumkumbuka mumewe mfalme Bhima wa Kwanza. Tafadhali nisikilizeni hapa. Unafika, hamna jengo. Bustani tu, nyasi, watoto wanakula karanga, unaanza kujiuliza kama dereva amekupotosha. Unatembea mbele kidogo na ardhi inafunguka, shimo refu kama mita 65, kwenda chini kama mita 27, ghorofa saba, ila zinahesabiwa kwenda chini. Unaanza ngazi. Kuta za kulia na kushoto zote ni sanamu, zile kubwa peke yake zinapita 500, mungu wa Wahindu Vishnu na sura zake nyingi, wanawake wanajipamba, mmoja anajitazama kwenye kioo, mmoja anakamua nywele kama ndiyo katoka kuoga sasa hivi. Na pembeni kuna vipande vya ukuta vimechongwa maua ya mraba mraba, ukivitazama vizuri vinafanana na vitambaa vya patola ambavyo hapo hapo Patan bado vinafumwa, uzi unatiwa rangi kabla ya kufumwa, wa wima na wa kulala, na sari moja inachukua miezi. Kila hatua chache unapita chini ya banda la nguzo, na zile nguzo si urembo tu, zinasaidia kuzuia kuta za pande mbili zisisukumwe na udongo zikaangukiana. Na baridi! Juu jua linakuunguza, huku chini unahisi hewa imebadilika shingoni.

Sasa kwa nini sanamu ziko nzima hivyo kwa miaka karibu elfu? Kwa sababu kilizama. Mto Saraswati ulifurika ukakijaza tope, watu wakasahau, karne na karne panaonekana mdomo wa shimo na vichwa vya nguzo basi. Idara ya mambo ya kale ya India ndiyo ikaja kukifukua, kazi kubwa ikafanyika miaka ya 1980, na UNESCO wakakiandika urithi wa dunia 2014. Mnaoshika rupia, geuzeni noti mpya ya mia, ile ya zambarau, kipo pale nyuma. Mnakibeba mfukoni mnaenda nacho mall.

Naona kaka pale anatabasamu, najua anachotaka kusema, “mzee, hicho ni kisima tu”. Ndiyo ni kisima! Ndiyo maana nakupeleka. Taj Mahal ni kaburi la watu wawili na mwananchi hakuwa na shughuli nalo. Vav mtu wa kawaida anashuka na mtungi wake, msafiri anapumzika, akina mama wanapata mahali pa kukaa wakasema yao bila kusikilizwa. Na kama Patan ni mbali nenda kisima cha Adalaj, hicho ni pua na mdomo na Ahmedabad, ni cha 1499, ghorofa tano, nakshi za Kihindu na za Kiislamu zimekaa ukuta mmoja wala hazigombani. Waongoza wageni wa pale watakusimulia habari ya malkia Rudabai na sultani aliyemtaka na jinsi alivyojitosa majini. Wape sikio, wape na chai, usiende kuisimulia kama historia.

Ukitoka Patan pitia Modhera, hekalu la jua la karne hiyo hiyo ya 11, mbele yake kuna bwawa la ngazi limezungukwa na vihekalu vidogo 108. Na kijiji chenyewe tangu 2022 kinajiendesha kwa umeme wa jua, sasa hapo mtu aniambie hawa watu hawana utani.

Dada ameuliza chakula. Wengi hawali nyama, ndiyo, na wewe siku tano bila nyama hufi. Dengu zao wanatia sukari guru, siku ya kwanza utanuna, siku ya tatu utaomba zaidi. Na pombe ni marufuku karibu jimbo zima, mgeni anaweza kuomba kibali. Kama safari yako inasimama kwenye bia, nenda Goa, tusipotezeane muda.

Twende Kachchh, upande wa magharibi wa Gujarat, na hapa wenzangu wa pwani mnyanyue vichwa. Kuna mji unaitwa Lakhpat, kaskazini magharibi kabisa. Ukuta wa kilomita 7 umesimama, umejengwa 1801, unaingia getini ukitegemea mji na unakuta vichaka na mbuzi na nyumba chache. Palikuwa bandari ya maana, maji ya mto Indus yalifika hapo, halafu 1819 tetemeko likainua ardhi maji yakakatwa. Mji ukafa kwa kiu. Na huko Lakhpat ndiko alikozaliwa Tharia Topan, yule tajiri wa Zanzibar, ile Dispensari ya zamani pale Mizingani yenye roshani za nakshi ni yeye aliyeianzisha. Tunapiga picha mbele yake kila siku na hatuulizi katokea wapi.

Mandvi ndiyo msiikose. Mto Rukmavati, kandokando majahazi yanaundwa mpaka leo, makubwa, ya mbao, mataruma yamesimama wazi unahesabu, fundi kachuchumaa anakalafati kwa pamba, nyundo na patasi, tak tak tak. Mtu wa Lamu atajiona yuko kwao. Kaskazi ndiyo ilikuwa inawaleta kwetu na kusi inawarudisha, na Wakachchi watakwambia rubani wa Vasco da Gama kutoka Malindi alikuwa mtu wao, si yule Ibn Majid tuliyefundishwa shule, lakini hilo siingii, tutalala hapa. Ukiwa Mandvi kula dabeli, mkate wenye viazi vya viungo, njugu na komamanga, wanasema asili yake ni hapo.

Na Masidi. Hili naliharakisha lakini nalisema. Kuna Wagujarati wenye asili ya Afrika, wazee wao walifika kama watumwa, askari, mabaharia. Ahmedabad kuna msikiti wa Sidi Saiyyed, Mhabeshi, wa 1572 au 1573, nenda jioni utazame madirisha yake ya jiwe, mti umechongwa matawi yanazungukana mpaka mwanga unapita kama kwenye lesi. Kijiji chao kimoja ni Jambur karibu na msitu wa Gir, na mahoteli ya huko yanawaita wacheze, wavunje nazi kwa kichwa, watalii wanapiga makofi. Mimi siipendi hiyo. Nenda Ratanpur kilimani kwenye kaburi la Bava Gor, mlinzi wa wachimba akiki, wanakuja Waislamu na Wahindu na ngoma pale inapigwa kwa ibada. Na wewe ukifika usianze kuwapangia watu picha kwa sababu mnafanana.

Naambiwa dakika tano. Dholavira basi, mji wa miaka zaidi ya elfu nne katikati ya jangwa la chumvi, mabwawa ya kuhifadhi maji yamechongwa mwambani, na ubao wa herufi kumi kubwa ambazo hakuna aliyezisoma mpaka leo. UNESCO 2021. Jangwa lenyewe, lile jeupe, ukienda Agosti ni maji matupu, nenda Desemba, Januari. Simba wa Gir, 891 kwa hesabu ya 2025, simba wa Asia wa porini wako huko tu, sasa nyie wa Serengeti mtacheka mkiona manyoya ya shingo yalivyo haba lakini nendeni. Palitana, ngazi zinapita 3,000, mahekalu ya Wajaini juu ya mlima, panda alfajiri. Somnath, Dwarka, Diu, nimeziruka, mnisamehe.

Viza mnaomba mtandaoni. Bajaji kule wanaita auto, patana bei kabla hujakaa. Na wale wenye wagonjwa Ahmedabad mwezi ujao waje hapa mbele sasa hivi niwaandikie jina la stendi ya basi la Patan, kabla sijashushwa jukwaani.