Tanga-roa

MWANAIDI: Bakari, mbona wachechemea?

BAKARI: Niache, dada yangu. Jumapili nilikwenda kisiwani Toten, hapa Tanga, kwa ngalawa. Katikati ya maji, ndubi ya kushoto, ule ubao wa ubavuni unaozuia ngalawa isipinduke, ikaanza kucheza. Kamba imelegea! Nikasoma dua zote nizijuazo. Nahodha wala hakukunja uso: kashusha tanga, kakaza kamba, kapandisha tanga.

MWANAIDI: Na mguu?

BAKARI: Huo uliteguka nikishuka. Tumeshatia nanga.

MWANAIDI: (anacheka) Haya wasikilizaji. Leo tuna mambo matatu kwa kijana anayetaka kubuni vyombo vya tanga, tukimpitia James Wharram, Mwingereza wa Manchester. Mwaka 1954 aliunda katamarani, boti mbili zilizounganishwa kwa miti, urefu futi 23 na nusu. Akavuka nayo Atlantiki hadi Trinidad, yeye na mabinti wawili wa Kijerumani.

BAKARI: Litaje jina.

MWANAIDI: Sitaji.

BAKARI: Litaje, mtoto wa Ngamiani.

MWANAIDI: ...Tangaroa.

BAKARI: Tanga! Roa!

MWANAIDI: Ni mungu wa bahari wa Wapolinesia! Nimekwambia tangu Jumatatu.

BAKARI: Mbona hakuiita Pangani-roa? Na ya pili?

MWANAIDI: Rongo. Aliiundia hukohuko Trinidad. Mwaka 1959 ikatoka New York ikafika Ireland, katamarani ya kwanza kuvuka Atlantiki ya Kaskazini toka magharibi kwenda mashariki.

BAKARI: Rongo si kule Migori, Kenya? Tanga, Rongo... huyu mzee alikuwa kondakta!

MWANAIDI: Ya Rabi. Sikiliza: riziki yake ilikuwa kuuza ramani, yaani michoro ya kuundia boti. Unanunua, unajijengea mwenyewe uani kwa plaiwudi. Na katika nyingi ile miti hufungwa kwa kamba, kila upande uende na wimbi lake.

BAKARI: Kumbe ndubi yangu ilicheza kitaalamu?

MWANAIDI: Yako ililegea tu.

BAKARI: Basi fundi wa Sahare anayechonga mwembe ukawa ngalawa naye ni mbunifu vilevile.

MWANAIDI: Ni fundi hodari. Mbunifu ni yule ambaye mtu asiyewahi kumwona huunda chombo kwa ramani yake, kikaelea.

BAKARI: Kwa hiyo asiye na karatasi hana akili? Ramani anayo kichwani!

MWANAIDI: Akifa?

BAKARI: Ana mwanawe.

MWANAIDI: Mwanawe anaendesha bodaboda, Bakari. Wamjua.

BAKARI: (kimya) Hilo si kosa la ngalawa.

MWANAIDI: Sijasema ni kosa. Nasema haijaandikwa.

BAKARI: Na mimi nasema hao Wapolinesia wa Wharram nao hawakuchora. Kwao akachukua, kwetu unataka karatasi.

MWANAIDI: Alichukua, akachora. Ndiyo kazi yenyewe.

BAKARI: Sikubali.

MWANAIDI: Usikubali. Kijana wa mitambo ananionyesha saa, na yale matatu hatujagusa hata moja.

BAKARI: La kwanza lilikuwa nini?

MWANAIDI: Hesabu.

BAKARI: Afadhali. Jumapili twende Sahare tukamwulize fundi mwenyewe.

MWANAIDI: Kwa gari.

BAKARI: La Rongo.