Kabla ya Kupaka Dawa, Kionekane

(Mhadhara kwa mafundi wa gereji na madereva, Tanga)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, na vijana wa gereji, nawasalimu nyote.

Nimealikwa kuzungumzia vipele vinavyowatoka wanaume sehemu za siri, na nimedokezwa kwamba baadhi yenu mliposikia mada mlikumbuka ghafla kuwa mna magari ya wateja ya kumalizia. Kaeni. Nitataja uume, kichwa cha uume, govi na korodani kwa majina yake, kwa sababu mwanamume anayeniambia ana shida "huku chini" hutumia nusu ya muda wetu kuzunguka, na foleni nje inangoja. Walionisikia kabla ya leo wanajua jambo langu ni moja: kipele cha sehemu hizo kisipakwe kitu chochote kabla hakijaonekana kwa macho ya mtu aliyesomea kazi hiyo.

Nitawapa kisa cha fundi umeme wa magari, kijana, ambaye hakuwa wa gereji hii, kwa hiyo msianze kutazamana. Alikuwa na vipele vidogo vya rangi ya ngozi, vya milimita moja au mbili, vimejipanga kwa safu kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume. Vilikuwepo tangu balehe, ila hakuwahi kuviangalia hadi siku alipolala na mwanamke asiye mchumba wake, na hofu ikamtuma ajichunguze kwa tochi ya simu. Akaenda duka la dawa, akaeleza kwa kunong'ona, na bila mtu kumtazama akapewa vidonge vya kuua vijidudu. Vilipokwisha, akapewa mafuta ya kupaka, na baada ya mafuta akatafutiwa mtu wa kumchoma sindano. Vipele havikwenda popote. Ndipo mwenzake kazini akamhakikishia kwamba hayo ni masundosundo, vile vinyama vinavyoambukizwa kwa ngono, na kwamba dawa yake wanayo pale pale mezani: maji ya betri.

Mnacheka, lakini ninyi ndio mnaojua maji ya betri yanavyoifanya nguo ya kazi. Ile ni asidi ya salfuriki. Kijana alichovya njiti ya kiberiti, akagusa kipele kimoja kimoja upande wa kushoto, na kabla hajahamia upande wa kulia maumivu yakamwangusha. Aliponifikia alikuwa amevaa kikoi kwa kuwa suruali haikuvalika, ngozi imechubuka, usaha unatoka, na mkojo ukipita analia. Tulimtibu kidonda kile kwa wiki kadhaa. Upande wa kulia, ambao asidi haikuufikia, vipele vilikuwa vimetulia katika safu yao kama alivyoumbwa navyo.

Narudia maneno hayo: kama alivyoumbwa navyo. Vipele vya namna ile ni sehemu ya maumbile. Haviambukizi, havitokani na zinaa wala uchafu, haviharibu nguvu za kiume, na tafiti za nchi mbalimbali zimevikuta kwa wanaume kati ya asilimia 14 na 48. Katika ukumbi huu, basi, wenye navyo si wachache, na hakuna anayehitaji dawa. Ndugu zake ni vile vidoti vyeupe au vya manjano hafifu vinavyoonekana ngozi ya uume ikivutwa. Hivyo ni vitezi vya mafuta ya ngozi, navyo pia havina ubaya.

Najua mtakaloniuliza: mtu asiye tabibu atatofautishaje? Jibu ni kwamba hatakiwi kutofautisha, anatakiwa kuvionyesha. Kwa mtu aliyezoea, vipele vya maumbile hutambulika kwa kutazama tu. Mteja akikupigia simu kwamba gari linakatika moto, nawe ukamwambia akanunue pampu ya mafuta bila kufungua boneti, wenzako hapa watakuita tapeli. Basi kwa nini uridhike na anayekuuzia dawa ya uume ambao hajauona? Silaumu maduka ya dawa yote, maana yapo yanayokataa kuuza na kumwelekeza mtu zahanati, na hayo nayaheshimu sana.

Tuseme sasa ni masundosundo kweli. Haya ni vinyama laini, wakati mwingine vyenye kilele kama cha koliflawa, yanayoletwa na virusi vya HPV, na mengi husababishwa na aina mbili, ya 6 na ya 11. Aina zinazohusishwa zaidi na saratani ya mlango wa kizazi ni nyingine, ya 16 na ya 18. Hutibiwa kwa dawa maalumu ya kupaka, kwa kugandisha, kwa kuchoma au kwa kukata, na huweza kurudi. Lakini kaswende iliyofika hatua ya pili nayo huota vinyama bapa, vyenye majimaji, katika sehemu hizo hizo, na asiye mjuzi huvichoma akidhani ni masundosundo, huku kaswende ikiendelea ndani ya damu. Ndiyo maana tunapima damu kabla ya kuchoma.

Hapo naomba waliooa wanisikilize. Masundosundo huweza kuchukua wiki au miezi mingi tangu kuambukizwa hadi kuonekana, kwa hiyo kuota leo hakuthibitishi kwamba mkeo alitoka nje jana, wala kwamba wewe ulitoka. Nimeona ndoa ikipelekwa kwa wazee kwa ushahidi wa kinyama kimoja, na hilo linanikera kuliko ninavyoweza kulieleza mbele ya watu wazima.

Kipele kinachowasha ni habari nyingine. Ukiwashwa zaidi usiku, una vipele kwenye uume au mfuko wa korodani, na vingine katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono au kitovuni, kwanza fikiria upele, ule wa utitiri anayechimba ngozi, ambao mtu huweza kuupata hata kwa kulala kitanda kimoja na mtoto wake. Dawa ni ya kupaka mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, na nyumba nzima hutibiwa siku moja, hata asiyejikuna, pamoja na kufua nguo na mashuka. Yale mafuta ya mchanganyiko yanayosifiwa kuwa yanatibu kila kitu mara nyingi yana dawa kali inayotuliza muwasho huku utitiri wakizaliana, na baada ya mwezi upele unakuwa umebadilika sura hata sisi tunababaika.

Wapo wanaosema, "Nitamwonyeshaje mwanamke?" Ndugu yangu, muuguzi huyo ameona wanaume wengi kuliko unavyodhani, na wako hautamshangaza. Kama roho inakataa kabisa, omba tabibu mwanamume, akiwepo utapelekwa kwake. Na picha za simu msinitumie. Huwa zimepigwa gizani, na kipele hakiguswi kwenye kioo.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nitayapita haraka. Kunyoa kwa wembe huleta vipele vya vinyweleo na majipu madogo kinenani, na dawa ya kwanza ni kuacha wembe kwa muda. Malengelenge madogo yenye maumivu, yanayopasuka na kurudi tena na tena mahali pale pale, huenda ni ya virusi vya herpesi. Kidonda chenye maumivu pamoja na mitoki iliyovimba kinahitaji kituo cha afya mapema. Uvimbe au kidonda cha uume kisichopona kwa mwezi, hasa chini ya govi, hakitakiwi kungoja tena, kwa sababu saratani ya uume ipo, na hujulikana kwa kukata kipande kidogo na kukipima. Kipele chochote baada ya ngono isiyo salama kiambatane na kipimo cha VVU, na mwenzi naye aitwe. Kondomu nilitaka kuizungumza kwa kirefu. Leo niseme tu kwamba inapunguza hatari, ila virusi vya masundosundo na herpesi hukaa pia kwenye ngozi ambayo haifunikwi.

Kuna kikaratasi kimeletwa hapa mbele, hakina jina, kinauliza: "Nilikuwa na kidonda kisichouma, kimepona chenyewe, je, bado niende?" Nenda kesho asubuhi. Kidonda cha kwanza cha kaswende huwa hakiumi, na hupona chenyewe ndani ya wiki tatu hadi sita bila ugonjwa kuondoka. Damu itatobolewa kidoleni na jibu la awali litatoka ukiwa bado umekaa kwenye benchi. Likionyesha ugonjwa, na tabibu akaona uko hatua za mwanzo, tiba ni penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, kwa sindano ya siku hiyo hiyo, wala si vidonge vya dukani. Likiwa safi na kidonda ni cha majuzi, utaambiwa tarehe ya kurudi kupimwa tena, na uirudie. Kama mkeo ni mjamzito, nenda naye, kwa sababu kaswende hupita kwa mama ikamfikia mtoto aliye tumboni.