Kibanio cha nguo na jeni isiyozimika

Karibuni barazani, hapa Lamu mjini. Leo twaonyesha jinsi bakteria anavyowasha na kuzima jeni zake, na twahitaji kamba, pete ya pazia, uzi na vibanio vitatu vya nguo. Punda wakipita tutanyamaza kidogo. Kichochoro ni chembamba na wao ndio wenye njia.

Pitisheni kamba ndani ya pete, kisha ifungeni kwa mteremko, kutoka komeo la mlango hadi mguu wa kiti. Hiyo ndiyo DNA ya bakteria Escherichia coli. Pete ni RNA polimerasi, inayonukuu jeni. Karibu na kiti fungeni nyuzi tatu nyembamba: jeni tatu za kutumia laktosi, sukari ya maziwa.

Baneni kibanio cha kwanza juu kidogo ya nyuzi. Hiki ni protini kizuizi. Achieni pete: imekwama. Laktosi haipo, vimeng'enya vya kuivunja, vinavyotokana na jeni hizi, vya nini? Sasa bonyezeni mkia wa kibanio. Mdomo umeachia, pete yateremka. Kidole chenu ndicho alolaktosi, sukari inayotokana na laktosi yenyewe.

Hapa ndipo wanafunzi wangu hupotea, basi nawaonyesha tena. Protini ni moja, lakini mdomo hushika DNA na mkia hupokea sukari. Mkisikia ina mutesheni, yaani badiliko lililotoka kwenye jeni yake, ulizeni: wapi?

Kibanio cha pili, kivunjeni mdomo. (Mimi sikuhangaika, jua la pwani lilishakivunja.) Kibaneni: chaanguka. Laktosi iwepo isiwepo, jeni zanukuliwa mchana na usiku, na bakteria apoteza nguvu bure.

Cha tatu kina mdomo mzima, ila kazeni njiti ya kiberiti katikati ya mkia. Bonyezeni mpaka kidole kiume. Wapi! Bakteria aogelea kwenye laktosi na jeni zimezimwa.

Sasa kazi tamu. Wanasayansi François Jacob na Jacques Monod, kule Paris, kufikia 1961 walikuwa wamepima bakteria wenye nakala mbili za jeni ya kizuizi, nzima na mbovu. Fanyeni vivyo hivyo. Kizima pamoja na kilichovunjika: kizima chashika, mkikibonyeza chaachia, mambo sawa. Kizima pamoja na chenye njiti: bonyezeni vyote viwili. Kizima kimetoka. Chenye njiti bado kimeng'ang'ania kamba, na pete iko pale pale.